Waya wa Tatu

Vepu, ile sigara ya umeme, ilikuwa na umri wa siku moja, na tayari ilikuwa na kiburi. Ukibonyeza kitufe na kuvuta, kitaa chake kilimeta chekundu mara tatu, kisha yote ikazima, sawa na karani anayekuambia urudi kesho. Breki akabonyeza tena. Chekundu, chekundu, chekundu, kimya.

Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, ndani ya chumba cha mashine ya lifti, juu kabisa ya jengo la ofisi la ghorofa nane. Ilikuwa Jumamosi, saa nne na nusu asubuhi. Ofisi zilikuwa zimefungwa, na umeme wa lifti ulikuwa umekatwa ili yeye na mwenzake watengeneze mlango wa ghorofa ya saba. Mwenzake alikuwa huko chini akinyoosha reli ya mlango kwa nyundo. Kazi ya Breki ilikuwa kukaza boliti za mashine na kungoja kuitwa. Boliti zilikuwa sita. Alikuwa amekaza nne, na mbili kati ya hizo alizirudia kwa sababu alisahau kuwa ameshazikaza.

Breki lilikuwa jina la kazini. Walimpa kwa sababu hakuwahi kumkabidhi mwenye jengo lifti yake kabla ya kuijaribu breki mara tatu, hata bosi apige simu mpaka achoke. Kwa fundi wa lifti ni jina la heshima. Kwa mvuta sigara lilikuwa kejeli tupu, maana upande huo breki zake hazikuwahi kushika tangu akiwa na miaka kumi na tisa, na sasa alikuwa na hamsini na moja.

Zilishika kwa mara ya kwanza siku arobaini na moja zilizopita. Kitinda mimba wake, msichana wa miaka tisa, alilazwa siku nne kwa pumu, midomo imemgeuka rangi ya wino. Daktari, mama mfupi asiye na muda wa kupamba maneno, alimvuta Breki pembeni akamwambia, "Mimi natibu kifua, wewe unakichafua. Hata ukivutia nje, moshi unaingia nao ndani umeuvaa." Breki alitoka pale akaitupa pakiti kwenye pipa la getini, na kesho yake akanunua vepu. Aliivutia mbali na nyumbani tu. Nyumbani ilikaa mfukoni imezimwa. Mkewe, ambaye alikuwa dobi na pua yake haikosei nguo, alisema huo nao ni moshi, tofauti yake umepakwa manukato. Lakini aliukubali. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Mkaguzi mwenyewe alikuwa yule mtoto. Kila jioni baba akirudi alimkuta amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Baba huinama, naye huzamisha pua kwenye mfuko wa kifuani wa shati, pale pakiti ilipokuwa ikikaa zamani. Hunusa mara mbili, si moja wala tatu, kisha hutoa hukumu: "Hakuna magendo. Pita." Ndipo wakambandika jina la Forodha, na majirani nao wakalidaka. Wote walicheka. Breki naye alicheka, lakini alijua kuwa kwake si mchezo. Siku mtoto yule akinusa sigara kwenye shati lake, atakuwa ameambiwa na baba yake, bila maneno, kwamba pumzi yake mtoto haina thamani ya kitu cha urefu wa kidole. Breki aliogopa siku hiyo kuliko alivyoogopa kuanguka.

Vepu ya kwanza ilimtunza vizuri mpaka Alhamisi, ilipomponyoka mfukoni akiwa ameinamia shimo la lifti, ikashuka ghorofa nane bila kungoja lifti. Hii ya pili aliinunua jana jioni. Ilifanya kazi usiku mmoja kibarazani kwa mwenzake, na asubuhi ikaanza kiburi.

Nyundo ya ghorofa ya saba ilinyamaza. Baada ya dakika mbili mwenzake akachomoza ngazini, jasho likimtoka, akitafuta tupa. Huyu alikuwa mdogo wa mkewe Breki. Kwa kuwa shemeji humwita shemeji yake shemeji, kazini hakuna aliyejua jina jingine la yeyote kati yao walipokuwa pamoja. Lakini akisemwa peke yake, Shemeji alikuwa huyu, mpole, mwembamba, mwenye vidole vitatu kwenye mkono wa kushoto.

"Bado inakataa?" Shemeji akauliza.

"Inakataa."

"Umempigia muuzaji?"

"Nimempigia. Anasema nirudishe, atanipa nyingine. Ila duka limefungwa mpaka Jumatatu. Na nisiifungue. Kuna kibandiko hapa chini, kikichanika tu, hanijui simjui."

"Basi umeshajibiwa."

"Jumatatu ni keshokutwa, Shemeji."

"Siku za wiki nazijua." Shemeji alipata tupa yake lakini hakuondoka. Aliutazama mkono wa Breki uliokuwa ukicheza juu ya goti kama wa mtu anayepiga taipu. "Usiniambie unataka kuifungua."

"Ina skrubu mbili. Mimi nafungua mashine ya tani mbili, leo nishindwe na filimbi?"

"Mashine ya tani mbili unaijua ukoo wake. Hii hujui baba yake wala mama yake. Betri hizi zikichukia hazikupi muda wa kuomba radhi." Kisha akaongeza kwa upole, "Kinyozi hajinyoi, Shemeji. Na leo mkono wako hauko sawa. Nipe nikae nayo mimi mpaka Jumatatu."

"Nitakaa nayo mwenyewe."

Shemeji akasimama kidogo, akijua kuwa mtu mzima hapokonywi kitu mkononi. Akashuka, na nyundo ikaanza tena.

Breki aliiweka vepu juu ya sanduku la vifaa. Akaenda kwenye kidirisha. Kutoka pale juu alikiona kibanda cha yule mama anayeuza sigara moja moja, mwavuli wake wa bluu ukiwa umeegemea ukuta. Kutoka mlango wa jengo mpaka pale zilikuwa hatua mia moja na ishirini. Alijua kwa sababu asubuhi hiyo alizihesabu mara mbili, ya kwanza kwa macho, ya pili kwa miguu, akageuka alipofika sabini. Kinywa kilikuwa kikavu. Meno yalimwasha kwenye fizi. Alikuwa na hasira na nyundo, na kidirisha, na yule mama wa watu ambaye hakuwa amemkosea lolote.

Alizipima njia zake. Ya kwanza ilikuwa ile ya mwavuli wa bluu, na mwisho wake ulikuwa mlangoni kwake jioni, pua ya mtoto kwenye mfuko. Ya pili ilikuwa kuvumilia siku mbili; na ukweli ni kwamba alikuwa hajui kama atavumilia saa mbili. Ya tatu ilikuwa skrubu mbili. Akachukua bisibisi ndogo kabisa. Akairudisha. Akakaza boliti ya tano. Akachukua tena bisibisi, akaisugua kwa kidole gumba, akairudisha tena, na safari hii akalifunga sanduku kwa kishindo ili ajisikie amelifunga.

Hata hivyo akilini mwake hoja ilikuwa inaendelea kujengeka yenyewe. Akivuta sigara, mtoto ataumia. Asipovuta kitu, atavuta sigara. Kwa hiyo kuitengeneza vepu ni kumlinda mtoto. Tazama jinsi mtu anavyojidanganya kwa ustadi: akitaka kufanya upuuzi, humtafuta mtoto wa kumfanyia. Breki alilifungua sanduku.

Kibandiko kilichanika kwa sauti ndogo. Skrubu zilitoka bila ubishi. Ndani mlikuwa na betri nene kiasi cha kidole cha shahada, kibao cha umeme kisichozidi ukucha, na kati yao kitu kidogo cha chuma kilichobanwa ubavuni mwa betri, chenye miguu miwili. Breki alikitambua. Ilikuwa swichi ya joto, ile inayokata umeme betri ikipata moto. Aliipima kwa kipimo chake. Ilikuwa wazi. Umeme haupiti. Akaigusa betri kwa mgongo wa kidole, akaiona ina uvuguvugu, na tumbo lake limetuna kidogo. Akajiambia kuwa labda zinatoka hivyo kiwandani, na kwamba chumba chenyewe kina joto.

Hapa inabidi nieleze akili ya fundi wa lifti, maana mtu mwingine yeyote angesimama hapo hapo. Lifti haitembei mlango ukiwa wazi. Kila mlango una swichi yake, na moja tu ikisema "niko wazi", lifti nzima inagoma. Mara tisa kati ya kumi mlango huwa umefungwa vizuri sana, na swichi ndiyo inayosema uongo, kwa vumbi au kutu. Kwa hiyo mafundi hawa hufundishana tangu siku ya kwanza: shuku swichi kabla ya mashine. Na njia ya kumkamata mwongo ni kuchukua kipande cha waya, kuunganisha miguu miwili ya swichi, umeme ukavuka bila kuiuliza. Lifti ikiamka, umempata. Halafu unautoa ule waya. Roho za watu ziko hapo, kwenye kuutoa ule waya.

Miaka kumi na minne iliyopita, Breki hakuutoa. Aliitwa kwenye simu, akarudi, akawasha umeme. Lifti ilipanda mlango ukiwa wazi, na mkono wa kushoto wa Shemeji ulikuwa kwenye kizingiti. Haikupanda zaidi ya kimo cha ngazi moja kabla Breki hajaizima. Ilitosha.

Hospitalini Shemeji aliwaambia wakubwa kuwa mlango ulikuwa mbovu na yeye alizubaa. Dada yake, yaani mkewe Breki, aliambiwa hivyo hivyo, na ndivyo alivyoamini mpaka Jumamosi hiyo. Breki alikuwepo kando ya kitanda, akasikia, akanyamaza. Tangu hapo wawili hao wana nyaya mbili tu za kazi hiyo. Kila mmoja umefungwa kitambaa chekundu, na zote zinakaa katika kopo la dawa ya viatu. Kabla umeme haujawashwa, Shemeji huuliza kwa sauti, "Nyaya?" Breki hufungua kopo, huzitazama, huzigusa, ndipo hujibu, "Mbili." Hawakuwahi kulizungumza jambo lile zaidi ya hapo.

Nyaya za koponi zilikuwa nene mno kwa kidude kile. Breki akachuna kipande cha waya wa simu, akatoa uzi mmoja wa shaba mwembamba kuliko unywele wa farasi, akauzungusha kwenye miguu ya swichi kwa kibano. Ajabu ni kwamba mkono ulitulia. Kwa muda wa kazi ile ulikuwa mkono wa fundi. Wazo la kitambaa chekundu lilimpitia, akalicheka: kitu kidogo hivi, kitambaa cha nini? Akabonyeza.

Kitaa kikawaka cheupe. Vepu ikanguruma kidogo, na mvuke ukaja.

Alivuta mara tatu macho yakiwa yamefumbwa. Mabega yakashuka. Chumba kikarudi kuwa chumba, nyundo ikarudi kuwa nyundo. Swichi ndiyo ilikuwa mwongo, kama alivyodhani. Sasa kilichobaki ni kuutoa waya, kuifunga vepu, na kuingoja Jumatatu. Lakini akiutoa, kiburi kinarudi. Aliushika uzi ule kwa kibano na kukaa nao hivyo kwa muda mrefu. Siku mbili tu, akajiambia. Jumatatu nautoa. Akarudisha kifuniko, akakaza skrubu ya kwanza, akakaza ya pili, akaitia vepu mfukoni, kifuani, sambamba na kalamu na kipimo cha umeme.

"Tayari huku," sauti ya Shemeji ikapanda ngazi. "Nyaya?"

Breki akafungua kopo la dawa ya viatu. Vitambaa viwili vyekundu vililala humo. Akavitazama. Akavigusa.

"Mbili," akasema.

Haikuwa uongo. Ungemweka kizimbani, angekula yamini na kutoka huru. Lakini alilifunga kopo haraka kuliko kawaida yake. Akawasha umeme. Lifti ikashuka na kupanda kwa adabu, mlango wa ghorofa ya saba ukafunguka na kufungika kama mpya. Shemeji alipanda juu akamtazama usoni, akaona mabega yametulia na mkono hauchezi.

"Imepona yenyewe?"

"Ilikuwa inanitania tu."

Shemeji alikusanya vifaa vyake kimoja kimoja, taratibu kuliko kawaida, na alipofika kwenye kopo la dawa ya viatu alilifungua mwenyewe, akachungulia, akalifunga.

Walimaliza saa tisa, wakarudi mtaani kwao kwa miguu. Njia nzima Breki alikuwa mchangamfu, akisimulia vituko vya bosi, akivuta mara moja moja wakipita penye upepo. Waliagana kwenye uchochoro. Shemeji alikuwa akiishi nyumba ya pili kutoka kwao. Breki alizima vepu kama kawaida yake, akaitia mfukoni na kipimo cha umeme juu yake. Alipofika getini alihisi joto kifuani. Alidhani ni jua. Kisha akadhani ni furaha ya kufika nyumbani akiwa msafi, na akapendezwa na wazo hilo.

Uwanja wa saruji ulikuwa umejaa kamba na mashuka ya wateja. Mkewe alikuwa upande wa ndani akipiga pasi. Forodha alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Simama hapo. Una mzigo gani?"

"Sina mzigo, afande. Ni mtu maskini tu anayetoka kazini."

"Inama."

Akainama. Kipimo cha umeme kikalala juu ya vepu, kikakibonyeza kitufe mpaka vepu ikawaka tena. Lakini hilo alilijua baadaye. Mtoto akazamisha pua mfukoni. Akanusa mara ya kwanza. Akakunja uso, akainua macho bila kuinua kichwa.

"Sio sigara," akasema. "Baba, unanuka waya."

Hapo ndipo Breki alipolijua lile joto. Halikuwa jua wala furaha. Lilikuwa limefika kwenye ngozi, na ndani yake kulikuwa na mnong'ono, mwembamba, unaoendelea, mfano wa mafuta yanayoanza kuiva kwenye kikaango. Uso wa mtoto ulikuwa juu yake. Alikuwa anavuta pumzi ya pili.

Alimsukuma. Hakumsogeza wala hakumwondoa kwa mkono. Alimsukuma kwa mikono miwili, kwa nguvu zake zote, na mtoto akaanguka chali ndani ya mlango, kiwiko kikigonga kizingiti. Breki aliurarua mfuko, vifungo vikaruka, akaishika vepu ambayo sasa haikushikika, akaitupa uwanjani huku ngozi ya kiganja ikibaki nayo. Ilidunda mara moja kwenye saruji. Kisha ikapasuka.

Mlio wenyewe haukuwa mkubwa. Majirani walisema baadaye walidhani ni tairi ya baiskeli. Mwali mweupe uliruka kimo cha goti, shuka moja la mteja likashika moto upindoni, na moshi mzito, mchungu, ukajikunja juu ya saruji. Upepo ulikuwa unaelekea nyumbani. Ukaubeba moshi wote ukaupitisha mlangoni.

Forodha alikuwa bado chini. Alikohoa mara moja. Akakohoa tena. Kisha kikohozi kikakatika na mahali pake pakaja ule mluzi ambao Breki aliujua tangu wodini, mluzi wa hewa inayoomba njia.

Mkewe alitoka ndani mbio, pasi amekwisha kuichomoa, pampu ya dawa ya pumu mkononi. Hakuuliza chochote. Alimbeba mtoto mpaka chumba cha nyuma kwenye dirisha lililo wazi, Breki nyuma yake, naye alipofika mlangoni mwa chumba hicho mkewe akasema bila kugeuka, "Wewe usisogee. Moshi umeuvaa."

Akasimama. Maneno yalikuwa yale yale ya daktari, na mkewe hakuwa amewahi kuyasikia.

"Vuta," mkewe akamwambia mtoto. "Shikilia. Moja, mbili, tatu, nne. Toa. Tena. Vuta." Mluzi uliendelea. Breki alivua shati akalitupa uwanjani, na bado alijihisi amelivaa. Kiganja kilikuwa kinawaka, lakini hakikuwa chake, kilikuwa cha mtu mwingine. Alihesabu pamoja na mkewe kimyakimya. Alikuwa radhi wakati ule kuvuta sigara zote za dunia na kuzinusisha mtaa mzima, na kuitwa magendo mpaka kufa, ili mluzi ule ukome. Pampu ya tatu. Pampu ya nne. Midomo ilikuwa imeanza kupata rangi ya wino, kisha ikawa kama inafikiri, kisha taratibu ikarudi kuwa midomo ya mtoto. Mluzi ukapungua ukawa mkwaruzo. Mkwaruzo ukawa pumzi.

Breki aliteleza na ukuta akakaa sakafuni. Alilia bila kujificha, mtu mzima wa miaka hamsini na moja, kifua wazi.

Sauti ndogo ikatoka chumbani. "Mama, baba asipite. Sijamaliza kumkagua. Nimenusa mara moja."

"Forodha imefungwa leo," mama yake akasema.

Shemeji alikuwa ameshaingia uwanjani. Alikuwa ameuzima moto wa shuka kwa beseni la maji ya kufulia na sasa alikuwa amechuchumaa juu ya saruji, akigeuza mabaki kwa kijiti. Breki akatoka, mkono ameukumbatia. Mkewe akafuata hadi mlangoni, mtoto begani, akiwatazama wanaume hao wawili kwa zamu.

Betri ilikuwa imefumuka. Kibao kilikuwa majivu. Lakini swichi ndogo ya chuma ilisalimika, na miguuni mwake, mweusi ncha moja, ulikuwa umezungushwa uzi wa shaba kwa ustadi ambao Shemeji aliufahamu kama anavyofahamu mwandiko. Swichi haikuwa mwongo. Ilikuwa imesema kweli tangu asubuhi, mara tatu kila ilipoulizwa.

Shemeji aliuokota uzi ule kwa vidole vya mkono wa kushoto, akauweka kwenye kiganja cha kulia, akauangalia. Hakuonekana kukasirika. Ingekuwa nafuu kama angekasirika.

"Nyaya?" akauliza.

Breki alitazama vidole vile vitatu. Alitaka kusema kuwa za koponi zilikuwa mbili, kwamba alizigusa.

"Tatu," akasema.

Shemeji akaitikia kwa kichwa, akaukunja uzi ndani ya leso.

"Tatu nini?" mkewe akauliza kutoka mlangoni. "Mnazungumza nini nyinyi?"

"Si kitu, dada," Shemeji akasema upesi, kama alivyosema kitandani miaka kumi na minne iliyopita. "Ni mambo ya kazi."

"Shemeji, nyamaza," Breki akamwambia. Akaenda akaketi kwenye ngazi ya mlango, mbali kidogo na mtoto ili asimpelekee harufu, akainua uso kwa mkewe. "Keti. Nitakueleza kilichotokea leo, lakini lazima nianze na vidole vya mdogo wako."